Usingizi wa Rubani Msaidizi

Shati lilikuwa na chumvi mgongoni. Pundlik alilitandaza mezani, akalinyunyizia maji kwa vidole, kisha akabaki kulitazama bila kuinua pasi. Jasho lilikuwa limechora mstari mweupe kutoka kwapani hadi kiunoni, na ndani ya mstari huo mwingine, na ndani ya huo mwingine tena. Aliyelivaa alitoka jasho, likamkaukia mwilini, akatoka tena, wala hakupata nafasi ya kulivua. Kola nayo ilikuwa imevunjika upande mmoja tu, upande ambao mtu huegemeza kichwa akilala ameketi.

Lilikuwa shati la mwanawe.

"Mzee Pundlik, hilo unalipiga pasi au unaliombea?" aliuliza Tarabai, muuza poha wa kibanda cha jirani, akigeuza mchele wake bapa kwenye karai. "Makaa yako yanageuka majivu."

"Yaache. Hata mimi nimegeuka siku nyingi."

"Haya, ameanza! Na chai hajanywa."

Vibanda vyao vilikuwa kando ya barabara ya Sonegaon, Nagpur, ng'ambo ya lango dogo la uwanja wa ndege. Lango kubwa lilikuwa la watu wenye tiketi. Hili dogo lilikuwa la watu wanaokodi ndege nzima kama mwingine anavyokodi riksho, na wiki zile za uchaguzi, jua la Aprili likichoma lami mpaka inanata kwenye viatu, halikufungwa. Wakubwa walikuwa wakiruka kutoka mkutano hadi mkutano kwenda kuwaahidi watu maji. Marubani wao waliacha mashati kwa Pundlik, na Pundlik aliyanyoosha kwa pasi ya makaa iliyokuwa nzito kama mtoto wa mwaka.

Zamani hakuwa mtu wa pasi. Alikuwa mfumaji wa kiwanda cha pamba, siku zile king'ora cha alfajiri kikilia mtaa mzima wanaamka pamoja, wanaume wanapishana bombani na miswaki mdomoni wakitaniana. Wenye kiwanda walikifunga. Mashine wakaziuza, uwanja wakaupima viwanja, na vumbi la pamba wakawaachia wafumaji mapafuni. Mkewe Shevanta alifuma nyumbani, kwenye mtambo wa shimo, miguu yake ikiwa ndani ya ardhi na mikono juu ya nyuzi, na kila akivuta ubao nyumba nzima ilitikisika kidogo, kama inayoitikia. Vumbi likamwondoa yeye kwanza.

Binti yake Revati alikuwa kwenye benchi nyuma ya kibanda, amevaa fulana, miguu juu ya ndoo. Alikuwa ametua jua likichomoza na alitakiwa langoni tena baada ya chakula cha mchana. Nyumbani mtaa wa wafumaji ni mbali, kwa hiyo siku kama hizi alijinyoosha hapo, nyuma ya baba yake, katikati ya mabunda ya nguo za watu.

"Baba, nimemwota Mama," alisema bila kufumbua macho. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Alikuwa amekaa kile kiti cha ngozi cha nyuma, pale wanapokaa matajiri. Anakula korosho, maganda anatupa chini. Namwambia, Mama, nitayafagia mimi hayo! Ananiambia, si ndiyo kazi uliyosomea?"

Pundlik alicheka. Alikuwa Shevanta mtupu.

"Umemwota sasa hivi?"

"Alfajiri." Akavuta fulana shingoni. "Hewani."

Pasi ilisimama.

"Kapteni Athavale alikuwa anakoroma," aliendelea, bado akitabasamu, kama anayesimulia kisa cha mtu mwingine. "Nami nikasema nifumbe jicho moja tu. Ndege ilikuwa inajiendesha yenyewe. Waongoza ndege wa Raipur ndio waliotuamsha, wanatuita redioni, wanatuita. Sijui walikuwa wametuita mara ngapi. Tulikuwa tumeshaupita mji."

"Waambie umechoka."

"Ukisema umechoka wanakuonyesha karatasi kwamba umelala hotelini."

"Hoteli gani?"

"Ile ile, Baba. Ile ambayo haipo." Hapo akacheka kwelikweli, mpaka akakohoa. "Jana tumelala chini ya bawa, kwenye kiwanja cha vumbi. Mheshimiwa alisema atarudi baada ya nusu saa. Mimi nikapiga deki ndani, nikapanga matunda, nikatafuta barafu kijiji kizima. Karudi jua limezama, kumbe barafu haitaki, anataka supu."

"Basi kataa. Leo usiende."

Revati alifumbua macho. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka jikoni penye moshi. "Salunke, rubani mwenzetu, alikataa wakati wa sikukuu ya Holi. Vyeti vyake mpaka leo vimo kabatini kwa mwenye kampuni, Khetan-sheth. Kampuni nyingine haimchukui bila barua ya kuachiliwa, na barua hapewi. Anauza bima Amravati." Akafumba tena. "Na Salunke mdhamini wake alikuwa mjomba tajiri. Wangu mimi ni wewe."

Pundlik alipuliza makaa. Aliukumbuka ule mchana wa kutia sahihi kama mtu anavyokumbuka arusi yake. Alivaa koti aliloolea. Revati alikuwa ametoka chuo cha urubani kwa fedha za serikali, cha ndege ndogo za panga boi, akirudi jioni ananuka petroli na majani mabichi, na kila jioni mamaye alimnusa nywele mlangoni kabla ya kumpa chakula. Kampuni ya Khetan-sheth ikasema itampeleka ng'ambo kujifunza ndege ya jeti, naye atawatumikia miaka mitano. Akiondoka, au leseni yake ikisimamishwa kwa kosa lake mwenyewe, nyumba ya mdhamini ni yao. Walileta tamutamu, ladu za njano, kwenye sahani ya fedha. Meneja wa safari, Lohiya, aliwasomea haraka haraka kama kuhani mwenye arusi nyingine ya kuwahi. Alipomaliza, Shevanta, ambaye wakati ule tayari alikuwa akikohoa katikati ya maneno, aliuliza: "Miaka mitano, na nyumba juu yake? Hii ni kazi au mmetuletea posa?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Hata Khetan-sheth alicheka, tumbo likamtikisika. Pundlik naye alicheka, akaandika jina lake polepole, herufi baada ya herufi, na mkewe akamsifu kwamba limekaa vizuri.

Walipanda riksho kurudi nyumbani siku ile, wakati walikuwa watu wa baiskeli. Shevanta alikula ladu ya pili njiani akisema hii ni ya mtoto, ameisahau.

Gari la Lohiya lilisimama mbele ya kibanda, vioo juu, baridi ikivuma ndani. Kioo kikashuka kidogo.

"Mzee, mashati yangu."

Pundlik aliyapeleka akiwa ameyashika kwa mikono miwili. Hakuyaachia.

"Bwana Lohiya, nina neno. Msichana hajalala. Leo mpumzisheni, mpeni mwingine."

"Mwingine yuko Goa na ndege ya arusi. Wanamwaga maua." Lohiya alivuta mashati, Pundlik bado aliyashika. "Mzee, nani amelala wiki hizi? Mimi mwenyewe sijalala."

"Wewe ukisinzia, bwana, kinachoanguka ni kalamu."

Tarabai aliacha kukoroga karai. Lohiya alimtazama mzee kwa muda, kisha akatabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto.

"Wewe nyoosha kola, mzee. Mambo ya angani waachie wa angani. Karatasi zinasema amepumzika, na serikali inasoma karatasi, haisomi macho. Labda umleweshe!" Akacheka. "Hapo tu ndipo siwezi. Kile kipimo cha pumzi, daktari kakaa nacho na kamera iko juu ya kichwa chake. Ningeweza kuongea nacho, ningeshaongea."

Kioo kikapanda. Gari likavuka barabara na kuingia lango dogo bila kusimamishwa.

"Mwone," alisema Tarabai. "Ana shingo kama chupa ya soda. Na si uongo, kile kipimo hakina undugu. Humkumbuki Kapteni Nair? Yule Mmalayali wa kule kusini, mtu wa maziwa na ndizi, pombe hata harufu haijui. Kanywa matone ya kikohozi ya daktari wa vidonge vitamu, kapuliza, tii! Miezi mitatu kasimamishwa, yuko kwao. Mkewe alikuja hapa kulia."

"Namkumbuka," alisema Pundlik.

Alimaliza kulinyoosha shati la Revati. Alilinyoosha mgongo mpaka chumvi yote ikatoka kwa maji na mvuke, akanyoosha vitanzi vya mabegani vinavyobeba mistari ya dhahabu, akalitundika. Kisha akamwambia Tarabai amtazamie makaa, akachukua baiskeli.

Nyumba ilikuwa na baridi ya udongo. Shimo la mtambo lilikuwa limefunikwa mbao tangu msiba, na juu ya mbao hakuweka kitu. Alizunguka kila akipita, kwa mazoea, kama mtu bado amekaa pale. Revati alikulia ndani ya shimo hilo. Mamaye alimlaza miguuni pake akifuma, na mtoto alilala vizuri ajabu, kelele zote zile, ubao unagonga, miguu inakanyaga. Ukisimama tu mtambo, ndipo aliamka na kulia. "Huyu atalala popote," Shevanta alikuwa akijivuna kwa majirani. Kumbe alikuwa akimtabiria.

Chupa za Shevanta zilikuwa kwenye kisanduku cha mbao, zimepangwa kwa urefu. Vidonge vyeupe vidogo kama mbegu za mtama, na matone. Alikuwa ameamini matone yale mpaka siku za mwisho. Yalinukia spiriti na majani machungu, na kwa miaka miwili nyumba nzima ilinukia hivyo, mito, mashuka, hata unga. Chupa kubwa ya kikohozi ilikuwa haijafunguliwa. Waliinunua siku mbaya, wakarudi nayo wamechelewa.

Pundlik alikaa juu ya kizingiti ameishika. Alizitazama kuta. Dirisha lile alilitoboa mwenyewe, akakosea, likawa limepinda, na Shevanta akakataa lisirekebishwe. Alisema jua linaingia kwa adabu, upande upande. Kiwanda kilikuwa na wenyewe wakakifunga. Mapafu yalikuwa na dawa, ila hospitali ilitaka watu wenye barua za wakubwa. Kila kitu alichokipenda kilikuwa na mtu mwingine mwenye ufunguo wake. Nyumba hii tu ndiyo hakuna aliyemfungia bado.

Akafunga chupa ndani ya kitambaa, akapanda baiskeli.

Kibandani Revati alikuwa ameketi, ameshavaa shati, anafunga nywele, pini mdomoni. Vidole vilikuwa vizito. Pini ilimwanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Pundlik alichemsha maji kwenye birika ya Tarabai, akatia manjano na sukari guru kama mamaye alivyokuwa akimtengenezea, akageuka ukutani. Aliimimina chupa yote.

"Kwa ajili ya koo," alisema.

Revati alipokea bilauri, akaiinua, ikasimama chini ya pua yake.

Magari yalipita. Kwa Tarabai mafuta yalichemka. Uso wa msichana ulibadilika, si kwa hasira; ulirudi nyuma, ukawa uso wa mtoto mlangoni anayenuswa nywele. Akavuta pumzi ndefu. Halafu akamtazama baba yake, na Pundlik akajua kwamba amejua. Walikuwa wamemfundisha chuoni siku ya kwanza: chenye spiriti usikiguse, wala usikikaribie.

"Baba," alisema taratibu. "Ile ni nyumba ya Mama."

"Mama yako hayumo mle. Nimetoka huko sasa hivi, nimemtafuta." Akarudisha kizibo kwenye chupa tupu. "Sikulazimishi. Kunywa, au mwaga. Hapo ulipokanyaga napo pana kiu."

"Watasema nimelewa. Litaandikwa. Miezi mitatu sitaruka, na baada ya hapo watu watanicheka."

"Watakucheka ukiwa hai."

"Na ukitoka pale utalala wapi?"

"Nililala wapi kiwandani miaka yote ile, kama si juu ya marobota? Wewe umelala chini ya bawa."

Revati alicheka kidogo, machozi yakamtangulia. Akatazama ng'ambo, ndege ilikokuwa imesimama juani, nyeupe na nzuri. Kwa kweli ilikuwa nzuri, na alikuwa amezipenda ndege tangu siku zile Pundlik akimleta na baiskeli kwenye uzio, ameketi mbele juu ya chuma, anahesabu magurudumu. Alikunywa. Alikunywa mpaka chini, akalaza kichwa nyuma kwa tone la mwisho, akarudisha bilauri kwa mikono miwili kama inavyorudishwa kwa mkubwa. Kisha akavaa kofia, akavuka barabara bila kuyumba.

Msafara wa magari uliingia muda si mrefu baadaye, bendera zikipepea, na mashada ya maua ya njano yakielea juu ya mikono ya vijana. Pundlik na Tarabai waliona zulia jekundu likikunjuliwa hadi kwenye ngazi. Hakuna aliyelikanyaga. Wakasikia kelele. Wakamwona Lohiya anakimbia, simu sikio hili na simu sikio lile, halafu anarudi mbio upande aliotoka. Zulia likakunjwa.

Wa kwanza kutoka alikuwa Kapteni Athavale, mtu wa mvi, tai mkononi. Alivuka moja kwa moja hadi kibandani na kusimama mbele ya Pundlik.

"Mzee, nilitaka nimkasirikie binti yako," alisema. "Kipimo kimelia mara mbili. Ndege haiendi na rubani mmoja, na mheshimiwa anatukana watu hata asiowajua. Nimejaribu kukasirika. Sina nguvu." Akageuka kwa Tarabai. "Nipe poha, mama. Tia mchuzi mwingi. Leo nitakula nimekaa."

Revati alitoka mwisho, bila kofia, mistari ya dhahabu imeondolewa mabegani. Ndani ya riksho kichwa kilimwangukia begani pa baba yake kabla hawajafika mzunguko wa kwanza, kizito, cha moto, na Pundlik akakaa hakujisogeza njia nzima, hata nzi alipomtua puani. Alimwambia dereva aende polepole. Dereva akasema, mzee, polepole ina bei yake. Akamwambia, nenda tu.

Nyumbani alimtandikia chini, penye ubaridi. Alilala na viatu, yeye akamvua.

Majirani walikuja kuuliza kama ni kweli televisheni ilivyosema, kwamba mkutano wa Gondia watu wamekaa juani mpaka wamechoka na mgeni rasmi hakutokea. Akawafukuza kwa mkono. Jua lilikuwa bado kali pikipiki iliposimama, akashuka kijana mwembamba mwenye mkoba wa kampuni, shati limemganda mwilini. Ghodke, karani wa Khetan-sheth.

"Namtaka Revati Pundlik atie sahihi kwamba amepokea taarifa ya kusimamishwa," alisema. "Na nyumba niipime. Nimetumwa."

"Amelala."

"Mwamshe, mzee."

"Hapa hatuamshi mtu."

"Mzee, nikirudi bila sahihi, Lohiya-saheb ataninyonga. Tangu juzi sijafika kwangu. Toka asubuhi hii ni nyumba ya nne."

"Basi msubiri. Akiamka atatia. Nyumba haina miguu."

Karani alitazama mlango, akatazama jua, akatazama pikipiki yake. Ndani ilisikika pumzi ya Revati, ndefu, yenye mkoromo mdogo mwishoni. Mwishowe alivua viatu, akaketi upande wa pili wa kizingiti, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama mtu wa kazini. Pundlik alimpa maji. Akanywa, akashukuru. Wakakaa, mmoja huku na mwingine kule, mlango wazi katikati yao.

Kivuli kilipoanza kuwafikia, kichwa cha karani kilishuka kidogo, kikazinduka, kikashuka tena, mpaka kidevu kikakaa kifuani. Mkoba uliteleza mapajani ukalala vumbini. Pundlik alinyoosha mkono, akauokota, akaupangusa, akauegemeza ukutani karibu na kijana yule. Halafu akainuka, akavuta kipande cha gunia kwenye kamba, akakitundika upande wa magharibi, jua lisimpige usoni.